Siku Aliposimikwa Debiani

Sefania Shekiondo alikuwa mtu wa sentensi moja, na sentensi yenyewe ilimlisha, ikamvisha, ikamwezekea nyumba bati. Kila siku ya gulio pale Mgwashi, wakulima wakiwa wamekwisha kushusha makabichi na karoti ghalani kwa kikundi, yeye alitoka nje na simu yake, akapanda kichuguu cha nyuma ambako mtandao ulishika, akaongea na Dar es Salaam huku akitikisa kichwa kama mtu anayepewa habari za msiba. Kisha alirudi, akavuta pumzi, akasema, "Ndugu zangu, bei imeanguka."

Miaka yote bei ilikuwa inaanguka. Mvua ikinyesha imeanguka, jua likiwaka imeanguka, Idi imeanguka, Krismasi imeanguka. Kitu kinachoanguka namna hiyo bila kuinuka hata siku moja, mtu mwenye akili zake angeuliza mwanzoni kilikuwa juu ya mti gani. Lakini sisi watu wa milimani tuna adabu nyingine mbaya: tukishamwita mtu mwenyekiti, tunaona haya kumuuliza.

Hakuzaliwa mwenyekiti, ingawa ukimsikiliza mwenyewe ungedhani mkunga alimshikia kiti. Enzi za chama kimoja alikuwa balozi wa nyumba kumi, kazi yake kujua nani kapika nini na nani kalala wapi. Ikaja ruksa. Ushirika ukafa kifo chake, wakubwa wakasema kila mtu auze atakako kwa bei atakayo, watu wakashangilia. Sefania hakushangilia. Alikaa akafikiri, na hapo lazima nimpe haki yake, maana alikuwa wa kwanza Mgwashi nzima kuelewa kwamba katika soko huria aliye huru ni yule anayejua bei. Akawatafuta wanunuzi wa Dar, akawaongoza na Fuso zao mpaka mlangoni, akawaruhusu wafunge lumbesa, yale magunia yanayovikwa kilemba cha nyasi mpaka gunia moja linabeba moja na nusu na kuhesabiwa moja. Alichopewa na wanunuzi hao hakuna aliyekiona. Ila bati halioti shambani.

Wakulima walipoanzisha kikundi cha mboga, wakamchagua yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na simu. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuchongesha kiti. Kiti cha mbao za mti wa mkulo, chenye mikono miwili na mgongo mrefu, kilikaa ghalani karibu na dirisha mwaka mzima kikimngoja. Hakikukaliwa na mwingine. Mzee Rubeni mwenye magoti mabovu alikuwa anakaa juu ya gunia la viazi na kiti kipo wazi pembeni yake.

Pamoja na kiti alijitungia kanuni, na aliisema mara kwa mara, hasa akishiba: mwenyekiti haulizi, mwenyekiti anajulishwa.

Mambo yakaanza kuharibika siku Mjerumani mmoja wa usharika rafiki alipokuja kututembelea. Siku ya gulio alisimama ghalani, akasikia bei ikianguka, akauliza swali ambalo Sefania aliliona la kitoto: "Nani mwingine anaweza kuiangalia?" Rahma, katibu wa kikundi, mwanamke mlima karoti mwenye kidato cha nne na ulimi usio na haraka, alilitafsiri swali hilo. Kisha akalitafsiri tena, akijifanya watu wa nyuma hawakusikia. Wenye jamaa mjini waliwahi kupiga simu kuulizia bei, lakini kila wakirudi na jibu Sefania aliwaambia, "Hiyo ni ya rejareja. Sisi tunauza jumla." Sasa akacheka tu, akamkaribisha mgeni ale peasi.

Mjerumani alikula peasi, akarudi kwao, na baada ya muda ukaja mzigo. Ndani yake kulikuwa na kompyuta, lakini si kompyuta ya sanduku na feni kama zile za ofisini. Ilikuwa bodi tupu, ukubwa wa kitabu cha nyimbo, yenye ubongo wa aina iitwayo PowerPC. Inakula umeme kidogo hata paneli moja ya sola inaitosha, na haina kelele kabisa. Rahma akampelekea Hamza, fundi redio wa Bumbuli, ambaye mwaka ule alikuwa ameongeza maneno "na Kompyuta" kwenye kibao cha duka lake kwa rangi nyingine. Kazi ilikuwa kuondoa vilivyokuwemo na kuweka Linux, ile aina inayoitwa Debian, ambayo haiuzwi, kila mtu anaruhusiwa kuichukua na hata kuifungua aone ilivyotengenezwa. Ikishakaa sawa, mashine ingekuwa inasoma bei za masoko ya mjini kwenye mtandao, jumla mbali na rejareja mbali, na kuzionyesha mbele ya macho ya kila mtu.

Hamza hakuwa na subira na maneno ya Kiingereza. Debian alimwita Debiani, akamzungumzia kama mtu. Na kuuweka mfumo ndani ya mashine, alikuwa amesoma mahali kwamba Kiswahili chake ni kusimika. Kwa hiyo Rahma alipoitisha mkutano alisimama akasema, "Bodi mpya imefika kutoka Ujerumani, na Jumamosi fundi Hamza atamsimika Debiani hapahapa ghalani." Akaeleza maana yake, akachora kwa mkaa ukutani, akajibu maswali mpaka watu wakatosheka. Yudith, mke wa Sefania, alikuwa benchi la pili na alielewa kila kitu. Sefania mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Muheza, kwenye harusi ya binti wa mnunuzi mmojawapo, anakula pilau.

Aliporudi, mtu wa kwanza kukutana naye njiani alikuwa mzee Rubeni. Rubeni alihudhuria mkutano, lakini katikati alisinzia, akabaki na mwanzo na mwisho.

"Onga mshi," Sefania alimwamkia.

"Niwedi. Pole na safari, mwenyekiti. Basi umesikia bodi mpya imeingia?"

"Bodi?"

"Bodi. Kutoka Ujerumani. Na Jumamosi anasimikwa Debiani."

Hapo ngoja kidogo. Kwa Mluteri yeyote wa milima hii kusimikwa ni neno la madhabahuni. Anasimikwa askofu, anasimikwa mkuu wa jimbo, kwaya inaimba na mbuzi wanapungua zizini. Na bodi tunazijua: watu wazito waliovaa makoti, wanaokuja mara moja, wanakula, wanasaini, na kesho yake kuna mtu hana kazi. Sasa mpe maneno hayo mawili mtu mwenye kiti anachokipenda na jambo analolificha, uone atayapika vipi.

Sefania alilipima jina lile. Debiani! Kuna Fabiani, kuna Damiani, kwa nini pasiwe na Debiani? Tena kwa jina hilo lazima ni Mkatoliki. Alitamani kumuuliza Rubeni huyo mtu ni nani, anatoka wapi, amechaguliwa na nani. Neno moja tu lingetosha, na sisi tusingepata cha kusimulia. Lakini mwenyekiti haulizi.

"Nimejulishwa," alisema Sefania, akapita.

Usiku hakulala vizuri, na asubuhi akaona afanye upelelezi. Akachukua redio yake nzima kabisa, akaigeuza betri moja kichwa chini ili isiimbe, akateremka nayo Bumbuli kwa Hamza.

Hamza naye wiki hiyo alikuwa na taabu zake. Diski ya kwanza ya Debiani, aliyoazima Tanga, ilikuwa ya kompyuta za kawaida, zile zenye ubongo wa Intel. Bodi ikiwashwa iliandika neno moja tu kwenye kioo, "ok", kisha ikangoja, kama mjumbe anayesubiri posho. Ukiipa ile diski inaduwaa. Ilimchukua muda kuelewa kosa lake, na alipolielewa alijipiga kofi la paja. Ni sawa na kumsomea Mmbugu tangazo kwa Kibondei: si kiziwi, si mjinga, ila lugha siyo. Ikabidi apande Lushoto mjini, akaushushe mtandaoni mfumo ule wa PowerPC, polepole kama maji ya mfereji wa kiangazi, mpaka ukajaa kwenye flashi.

Basi Sefania alipofika dukani, bodi imefunikwa kitambaa kuepuka vumbi, Hamza alikuwa kwenye simu na Rahma, anaongea kwa sauti kubwa kama mafundi wote.

"Yule wa kwanza nimemtoa, hakufaa," alikuwa anasema. "Debiani huyohuyo, ila ukoo mwingine. Huyu wa sasa ndiye. Wa zamani? Wa zamani tunamfuta. Tunafuta kila kitu, dada, tunaanza upya. Mbele ya watu, ndiyo, waone wenyewe."

Sefania akakalia kopo la rangi.

"Shikamoo, mwenyekiti," Hamza alisema akikata simu.

"Marahaba. Redio hii imekuwa bubu." Akaiweka mezani, akatazama ukuta. "Naona mna ugeni."

Tazama ujanja huo. Hakuuliza, alisema tu anaona. Hamza, ambaye kwa siku kadhaa hakupata mtu wa kumsikiliza, akafurahi.

"Ugeni mkubwa, mzee. Debiani ni kiboko. Hali kitu."

"Hali?"

"Bure kabisa. Hataki malipo, hataki posho, hataki chochote. Na mambo yake yote yako wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kumkagua mpaka utumbo."

Sefania akasogeza kopo lake nyuma. Katika maisha yake alikuwa ameshapambana na viongozi wezi, na hao anawajua, unagawana nao. Kiongozi asiyetaka posho alikuwa hajawahi kumwona, na alimwogopa kama chui.

"Atakuwa na kwao lakini. Nasema tu."

"Hana kwao. Dunia nzima kwao."

"Na bodi nayo..."

"Bodi ni ndogo, mzee, wala haina makuu. Zile bodi za zamani kelele tupu, na ulaji mkubwa. Siku hizi watu hawazitaki."

Maneno hayo Sefania aliyapokea usoni. Akakusanya nguvu. "Atakuwa ndiye anayetangaza bei."

"Yeye, nani mwingine? Kila kitu kitapita kwake."

"Sidhani anajua mboga."

"Hajui kabichi wala bamia. Anajua anachoambiwa. Lakini wa kwake mwenyewe uongo hana." Hamza akafungua mfuniko wa redio, akaitazama betri iliyopinduliwa, kisha akamtazama mwenye redio. Akaigeuza, redio ikaimba. Sefania akaichukua ikiimba hivyohivyo mpaka nje.

Njiani alipiga hesabu zake, na zote zilikuwa za hofu. Bodi ikikaa itataka kujua. Debiani atapiga simu Dar na kuambiwa kabichi ziliuzwaje mwezi uliopita. Atauliza lumbesa iliruhusiwa na nani. Watu watakumbuka mvua hii na ile, na kiti kitatolewa chini yake mbele ya macho ya wanawe. Alimwogopa zaidi mtu mmoja kuliko bodi yote, na mtu huyo alikuwa nyumbani anachochea makande.

"Jumamosi naona utakwenda, Mama Alen," alimwambia Yudith jioni.

"Nitakwenda. Nani atakosa?"

"Watu hawakosi la kusema."

"Wanasema afadhali anakuja asiyesema uongo," alijibu Yudith, akaonja chumvi.

Alijua. Bila shaka alijua, alikuwa benchi la pili. Lakini mwanamke huyo alikuwa amelima karoti zake mwenyewe tangu ujana, akazibeba mgongoni mpaka ghalani, akasimama kwenye foleni na wenzake, na mumewe mwenyewe akamtazama machoni akamwambia bei imeanguka. Kisha jioni analeta nyumbani bati. Yudith hakuwa mgomvi. Ila sukuma moyo wa mtu namna hiyo miaka na miaka, halafu utegemee akupunguzie safari ya aibu!

Sefania hakulala tena. Alfajiri ya Ijumaa akapata wazo, akalipenda sana. Wakubwa hawafukuzwi, wakubwa wanajiuzulu. Ukijiuzulu mapema, watu wanashtuka, wanasema hapana mzee usituache hivyo, wanakuomba ubaki, na ukikataa sana wanakupa hata Mshauri Mkuu, cheo kisicho na kazi na chenye chakula. Alishayasikia redioni. Akaandaa hotuba kichwani, akanyoosha koti lake la harusi, akamkamata jogoo mwekundu, mkubwa kuliko wote bandani, na kumfunga miguu. Huyo wa kumpokelea Debiani. Hata kama hali posho, Mkatoliki gani anakataa jogoo?

Jumamosi alichelewa makusudi, ndivyo wakubwa wanavyofanya. Alipofika, ghala lilikuwa limejaa mpaka nje. Kwaya ya akina mama ilikuwepo na sare zake, kwa sababu mzee Rubeni alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akitangaza usimikaji, na Rahma alipoiona kwaya alishangaa kidogo, akadhani ni furaha. Mezani palikuwa na mizani na kioo cha kompyuta. Na pale dirishani, kwenye kile kiti cha mkulo, kulikuwa na kitu kidogo kimefunikwa kanga, waya zimetoka pande zote, moja kwenda kwenye paneli, nyingine kwenye simu ya Hamza iliyofungwa dirishani kwa kamba, upande wa kichuguu ili ishike mtandao.

Sefania akaelekea kwenye kiti chake, mazoea yana taabu.

"Samahani, mwenyekiti," alisema Hamza bila kuinua kichwa. "Leo kiti kina mwenyewe. Waya ni fupi, sina pengine pa kumweka."

La waya halikumfikia. Alichosikia ni kwamba kiti kina mwenyewe. Kwa hiyo ni kweli, alijiambia, na wala hawakuona haja ya kunificha. Akabaki amesimama katikati ya ghala, jogoo kwapani, wakati Hamza akiandika mstari mmoja mrefu mbele ya lile neno "ok", na maandishi meupe yakaanza kuteremka kwenye kioo cheusi. Watu wote walikuwa wanatazama kioo. Sefania akaona ni wakati wake kabla mgeni hajaingia.

Akakohoa. "Ndugu zangu."

Watu wakageuka.

"Ndugu zangu, na bodi popote ilipo inisikie. Nimekikalia kiti hiki muda mrefu, na nimechoka kwa ajili yenu. Leo, kwa hiari yangu, bila kusukumwa na mtu, najiuzulu uenyekiti."

Kuku mmoja alipita mlangoni. Sefania alingoja lile "hapana mzee". Halikuja, na kimya kilivyozidi akaogopa, na alivyoogopa akaongeza maneno. Heri kujikwaa kidole.

"Na kama ilitokea siku nikasema bei imeanguka, kumbe haikuanguka sana," alisema, "nilifanya hivyo kuwalinda. Mkulima akipata hela nyingi ghafla anaharibika. Mnaweza kumuuliza mtu yeyote mwenye elimu."

Sasa hata kwaya iliacha kunong'ona. Mzee Rubeni aliinuka kutoka kwenye gunia lake, akasimama na magoti yake mabovu. Hakuna aliyepiga kelele, na ningekuwa Sefania ningetaka wapige. Walimtazama tu, mmoja mmoja, kila mtu akikumbuka kabichi zake.

Rahma aliweka kalamu chini. "Mwenyekiti amejiuzulu kwa hiari yake," alisema taratibu. "Tunaopokea tunyooshe mikono."

Mikono ikanyooka. Sefania alizunguka na macho akitafuta mmoja usionyooka, akafika benchi la pili. Mkono wa Yudith ulikuwa juu, umenyooka kuliko yote.

"Dada Rahma," Hamza alinong'ona toka mezani, maana shughuli yake haikusimama. "Inauliza mashine tuipe jina gani."

Rahma alikitazama kile kiti, na kitu kidogo kilichokikalia. "Andika mwenyekiti," alisema.

Kikafuata kipindi kirefu, maana kumsimika Debiani si kuchemsha chai. Aliuliza nchi, akapewa Tanzania. Akauliza kama afute vyote vilivyokuwemo mwanzo, Hamza akamwambia ndiyo. Akaanza kufungua vifurushi vyake kimoja baada ya kingine. Kwaya ikaimba nyimbo zote inazozijua, watu wakala makande. Sefania alitoka akasimama barabarani na jogoo wake, akitazama kona ambako gari la bodi lingetokea. Alikuwa bado na tumaini la Mshauri Mkuu. Kila pikipiki ikisikika, alirekebisha koti.

Mwisho Hamza akapaza sauti, "Keshaingia! Amekubali!"

Sefania akakimbilia ndani, akasukuma watu, akamnyoosha jogoo mbele kwa mikono miwili. "Karibu sana, mheshimiwa," alisema, akatazama kushoto, akatazama kulia. "Yuko wapi?"

"Nani, mzee?"

"Debiani."

Hamza aliivuta ile kanga. Kwenye kiti cha mkulo, kati ya mikono yake miwili, kilikuwa kijibodi cha kijani cha ukubwa wa kitabu cha nyimbo, na kitaa kimoja chekundu. "Huyu hapa," alisema Hamza.

Kicheko kilianzia kwa mzee Rubeni, ambaye naye ndiyo kwanza anaelewa, kikapita kwenye kwaya, kikatoka nje kwa waliokosa nafasi. Rahma hakucheka. Alimweleza Sefania pole pole ni nini, kama alivyowaeleza wengine kwenye ule mkutano, na kila neno lilipoingia uso wa mtu yule ulizidi kubadilika rangi.

"Basi nafuta," alisema. "Nilichosema nakifuta. Nilidhani..."

"Mikono imeshanyooshwa, Baba Alen," alisema Rahma. Hakusema mwenyekiti.

Hamza akamwamuru Debiani alete bei. Simu ya dirishani ikafikiri sana, kisha kioo kikajaa, na Rahma akasoma kwa sauti. Kabichi, Dar es Salaam, jumla. Alisita, akasoma tena. Bei ilikuwa imeshuka kupita kiasi. Mboga za sehemu nyingine ziliwahi sokoni, zikajaza.

"Si mnaona!" Sefania alirukia. "Imeanguka! Bei imeanguka!"

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuisema sentensi ile ikiwa kweli. Watu wakamgeukia kidogo, kisha wakarudi kutazama kioo.

"Haya, imeanguka," alisema mzee Rubeni. "Ikianguka kweli mbona haiumi vile? Mimi za kwangu zilizobaki shambani sikati. Zikae mpaka ipande." Wengine wakasema hata wao. Ile Fuso iliyokuwa inangoja nje ikateremka mlima na mzigo nusu, bila lumbesa hata moja, na dereva wake akimpigia mtu simu kwa hasira. Rubeni akatafuta pa kukaa, akatazama kiti, akamtazama Debiani, akarudi kwenye gunia lake la viazi.

Sefania na mkewe walirudi nyumbani kwa miguu. Koti la harusi lilikuwa limechafuliwa na jogoo. Walikwenda mpaka darajani.

"Ulikuwa unajua," alisema Sefania.

"Nilikuwa najua."

"Na hukuniambia."

"Hukuuliza," alisema Yudith. "Na mwenyekiti anajulishwa na katibu wake. Mimi ni muuza karoti."

Wakaanza kupanda kilima. Sefania alikuwa anahema, na si kwa ajili ya kilima. Akasimama.

"Karoti zako, Mama Alen," aliuliza. "Miaka yote hiyo. Nilikupunja kiasi gani?"

Yudith alimtazama mtu huyo aliyeuliza swali, akampokea jogoo, akamfungua miguu.

"Muulize mwenyekiti," alisema, akatangulia mbele.